Spacio ya kilomita 271,000: kutengeneza, kubadili injini au kununua gari jingine?

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenye gari. Majina na kituo cha kazi nimeviondoa, na kiasi cha fedha nimekikadiria kidogo. Mpangilio wa matukio ni ule ule. Nilihusika kama fundi aliyeitwa kutoa maoni baada ya mafundi wengine kushatoa yao.

Gari na mwenye gari

Gari ni Toyota Spacio, ile watu wanayoiita new model, ya mwaka 2003, injini 1ZZ-FE ya cc 1,800, gia otomatiki. Liliingia nchini 2013 likapata namba ya usajili ya kundi C, dashibodi ikionyesha kilomita 86,000. Oktoba 2023, siku lilipofika kwangu, dashibodi ilisoma 271,000 na ushee.

Mwenyewe ni muuguzi wa hospitali ya serikali, anaishi kilomita kama 22 kutoka kazini, kandokando ya barabara ya Morogoro. Anafanya zamu, na hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko umri wa gari. Zamu ya usiku humaanisha kutoka nyumbani jua limeshazama na kurudi asubuhi amechoka, na likitokea la kutokea njiani hana wa kumpokelea wagonjwa. Mume ana duka la vifaa vya ujenzi. Watoto watatu. Kwa mwezi gari hutembea kilomita 1,200 hivi.

Jambo la pili la kukumbuka: mshahara wake ulikuwa tayari unakatwa mkopo wa ujenzi wa nyumba, unaoisha Juni 2025. Mtumishi wa umma lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, na yeye alikuwa ameikaribia. Nafasi iliyobaki ya kukatwa ilikuwa kama shilingi 110,000 tu kwa mwezi.

Miezi kumi na minne ya kuchangia gereji

Dalili ya kwanza ilikuwa oili kupungua. Fundi wa mtaani akasema ni kawaida ya gari la umri huo, akamwekea oili nzito ya 20W-50. Moshi wa bluu ukaanza kuonekana asubuhi na kila alipoachia mafuta kwenye mteremko kisha kukanyaga tena. Zikabadilishwa sili za valvu. Moshi ukabaki. Taa ya injini ikawaka, kompyuta ikasoma hitilafu namba P0420, ikabadilishwa sensa ya oksijeni; taa ikazimwa, ikarudi baada ya wiki mbili, ikabadilishwa sensa nyingine. Plagi seti mbili. Nozeli zikasafishwa. Gari likachemsha mara moja kwenye foleni, likajazwa maji ya bomba na kuendelea na safari.

Alinijia na daftari la shule la kurasa 80. Kila ukurasa amebana risiti kwa pini, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu fundi alisema nini. Risiti nyingine zilikuwa na alama za vidole vya oili hadi namba zilisomeka kwa shida. Tulijumlisha pamoja: shilingi 1,840,000 ndani ya miezi 14, sawa na 131,000 kwa mwezi, na tatizo lililoanza lilikuwa bado lipo, limekomaa zaidi. Nimeona magari mengi, lakini wateja wanaokuja na kumbukumbu za namna hii ni wachache mno, na lile daftari ndilo lililofanya kazi yote iliyofuata iwezekane.

Ushauri aliokuwa amepewa

Fundi wa kwanza alitaka afanye ovaholi: kubori bloku (kutanua silinda), pistoni za ovasaizi, ringi mpya. Wa pili akasema anunue injini ya mtumba ya aina ile ile, milioni 1.7, ifungwe ndani ya siku mbili. Wa tatu alipendekeza apandishe kiwango, yaani aweke injini ya 1NZ ya cc 1,500 ili apunguze mafuta. Shemeji yake, dalali wa magari, akasema, "Shemeji, hilo gari limechoka, liuze mwezi huu kabla halijakufia mikononi." Alikuwa na mnunuzi wa milioni 4.2 hivyo hivyo lilivyo, na alikuwa ameona Toyota IST ya namba D kwa milioni 12.8. Mume yeye alikuwa anapiga hesabu za kuagiza Japani.

Ushauri wa watu watano, na kila mmoja una mantiki yake. Wote walimjibu swali la afanye nini. Alilokuwa akiuliza yeye lilikuwa tofauti kidogo, na aliniuliza kabla hata sijafungua boneti: "Fundi, niambie ukweli, hili gari likitengenezwa litanifikisha mpaka lini?"

Vipimo

Tulianza na kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote nne zilisoma kati ya psi 172 na 180. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu akiona kompresheni nzuri husema injini ni nzima, kumbe ringi zinazobana mgandamizo si zile zinazokwangua oili. Kwenye 1ZZ za miaka ya mwanzo, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni machache na madogo. Yakizibwa na masizi, ringi ya oili inakwama, oili inapanda juu na kuungua, na kompresheni inabaki pazuri. Toyota walibadilisha pistoni hizo karibu na 2005. Tuliingiza kamera ndogo kwenye matundu ya plagi: kingo za pistoni zilikuwa zimelowa oili, silinda hazina mikwaruzo ya kutisha.

Kwa hiyo sili za valvu hazikuwa na kosa, na oili nzito ilizidisha tatizo kwa kuwa inapita kwa shida kwenye matundu yaliyokwisha kuziba. P0420 nayo ilikuwa inasema kweli muda wote: masega ya ekzosi, yanayosafisha moshi, yalikuwa yameharibiwa na oili iliyoungua, yameziba nusu, ndiyo maana gari lilikuwa zito kupanda. Sensa zilikuwa zinaripoti tu.

Rejeta ilikuwa na tope la kutu chini. Cheni ya taimingi ilipiga kelele kwa sekunde chache gari likiwashwa baridi. Bushi za mbele zimekatika, shokapu zimekufa. Oili ya giaboksi nyeusi, ila gia ziliingia bila kusita. Kisha tukalipandisha na kupita chini na nyundo ndogo na tochi: chesisi, sakafu, miguu ya milango. Kutu ya juu juu tu, hakuna palipolia kwa sauti ya bati bovu, hakuna chuma kilichochomelewa.

Kipimo hiki cha mwisho ndicho hutangulia kwangu katika uamuzi wowote wa namna hii. Injini hubadilishwa. Bodi iliyooza haina tiba ya bei ya kawaida.

Hesabu

Tuliweka kikomo cha miezi 20, mpaka mkopo wa nyumba uishe. Lita ya petroli wakati huo ilikuwa inazunguka 3,200.

*Kuendelea kuviraka.* Kwa mwendo wake wa wakati ule, kilomita 9 kwa lita, mafuta yangekula milioni 8.53. Viraka vya 131,000 kwa mwezi vingefika 2.6. Oili ya kuongezea, maana injini ilikula lita moja kila kilomita 900, na bima ndogo vingefanya kama nusu milioni. Gari lenyewe lingeshuka thamani hadi milioni 3. Jumla milioni 12.9, na injini inaweza kukwama wakati wowote, kwa sababu injini hiyo hubeba lita 3.7 tu za oili. Ukisahau kuangalia kipimo kwa mwezi mmoja na nusu, nusu yake imeondoka.

*Kutengeneza kwa ukamilifu.* Bajeti ya milioni 3.1: injini 1.95 (pistoni za muundo mpya zenye matundu mengi, ringi, beringi, gasketi, seti ya cheni, ufundi), rejeta, themostati na mipira 0.33, masega ya mtumba 0.25, bushi na shokapu 0.42, oili ya giaboksi 0.15. Mafuta kwa kilomita 11 kwa lita ni milioni 6.98. Matengenezo ya kawaida 1.8, akiba ya dharura 0.8, bima ndogo 0.24. Tukakadiria litauzika 4.8 baada ya hapo, yaani laki sita juu ya bei ya wakati ule. Jumla milioni 12.3.

*Kununua IST.* Mafuta kwa kilomita 14 kwa lita, milioni 5.48. Kushuka thamani 1.8. Bima kubwa, ambayo mkopeshaji angeidai, 1.07 kwa miaka miwili. Sevisi na marekebisho ya mwanzo ya gari la mkononi, pamoja na kubadili umiliki, 0.9. Matengenezo ya kawaida 1.2. Inabaki riba. Angehitaji mkopo wa milioni 7. Kwa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, asilimia 1.2 kwa mwezi kwa salio linalopungua, riba ya miezi 20 ni kama 1.3, na jumla inakuwa milioni 11.75.

Nilitaka alione hili waziwazi: kwa mkopo wa SACCOS, kununua IST kulikuwa nafuu kuliko kutengeneza Spacio, kwa zaidi ya nusu milioni. Mafuta ndiyo yanayofanya hivyo. Ile kauli ya mitaani kwamba gari lako la zamani daima ni rahisi kuliko jipya haikusimama hapa.

Ila SACCOS ingemkata 240,000 kwa mwezi, na nafasi aliyokuwa nayo ni 110,000. Mkopo uliokuwa unapatikana kweli ulikuwa wa mume, kutoka taasisi ndogo ya mikopo, asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kiasi kizima kilichokopwa. Milioni 7 hapo huzaa riba ya 245,000 kila mwezi. Kwa miezi 20 ni milioni 4.9, na jumla ya kumiliki IST inapanda hadi 15.35. Gari lile lile, mkopo tofauti, jibu likageuka kwa zaidi ya milioni tatu na nusu.

Kuagiza Japani kuliondoka mezani mapema. Wakati huo ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa cc za kati ya 1,001 na 2,000 asilimia 5, VAT asilimia 18, na gari lililozidi miaka 10 liliongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Gari alilolimudu mume kwa bei ya Japani lilikuwa ndani ya kundi hilo la uchakavu.

Uamuzi na sababu zake

Walikaa usiku mmoja na karatasi hizo, kesho yake wakarudi wote wawili. Waliamua kutengeneza, kwa makubaliano kwamba wananunua miezi 20, si gari la kudumu. Milioni 3.1 kwa miezi 20 ni 155,000 kwa mwezi, juu kidogo tu ya ile 131,000 aliyokuwa akiitoa bila kupona. Wangeweka kando 150,000 kila mwezi kwa ajili ya gari litakalofuata.

Ovaholi ya kubori waliikataa kwa ushauri wangu. Bloku ya 1ZZ ni ya aluminiamu yenye vikombe vyembamba vya chuma, na silinda zake hazikuwa zimechakaa kiasi cha kuzitanua. Kubori hapo ni kuondoa chuma kizuri. Injini ya mtumba nayo nyingi zilizokuwa Ilala na Gerezani, Dar es Salaam, zilikuwa za miaka ile ile ya pistoni za zamani, zimeoshwa zikang'aa, muda wa kujaribu siku saba. Ringi iliyokwama haijulikani kwa siku saba. Angeweza kununua ugonjwa ule ule kwa milioni 1.7.

Pendekezo la 1NZ lilivutia kwa mafuta, lakini injini hiyo inataka mauntingi, waya, kontroli boksi na giaboksi yake, na kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo, hivyo mabadiliko lazima yafike mamlaka ya mapato (TRA). Gharama ilikuwa inakaribia milioni 4, kwa akiba ya mafuta ambayo miezi 20 isingetosha kuirudisha.

Kabla ya kufunga mjadala tulikwenda kuangalia IST mbili, ili uamuzi usitegemee karatasi pekee. Ya kwanza dashibodi ilisoma 78,000 huku mpira wa pedali ya breki umeisha hadi chuma na usukani unang'aa kwa kushikwa. Ya pili ilikuwa imechomelewa mbele, chini ya betri. Hilo lilimaliza maswali ya mume.

Kilichotokea

Kazi ilichukua siku 11 badala ya 6, kwa sababu seti ya pistoni iliyoletwa kwanza ilikuwa ya zamani ndani ya boksi jipya. Tuliirudisha. Tulizigeuza mbele ya mwenye gari, tukamwonyesha matundu, akaelewa kwa nini tunasubiri.

Matumizi ya oili yalishuka hadi robo lita kati ya sevisi moja na nyingine, kwa kilomita 5,000. Moshi ukaisha. Mafuta yalifika kilomita 10.6 kwa lita, chini kidogo ya tulivyokadiria.

Mwezi wa tano pampu ya maji ilianza kuvuja, asubuhi, akitoka zamu. Aliona joto linapanda, akaegesha pembeni na kuzima, akapiga simu. Kuvutwa, pampu na ufundi vilimgharimu 165,000. Gasketi ya hedi ilipona kwa sababu hakuendelea "mpaka pale mbele".

Akiba haikwenda kama ilivyopangwa. Januari mbili za ada zilipita humo katikati, na ilipofika Juni 2025 kulikuwa na milioni 1.9 badala ya 3. Na bei nayo haikumsubiri: dola iliyokuwa karibu 2,330 mwanzoni mwa 2023 ilivuka 2,600 katikati ya 2024, na magari ya mkononi yakafuata. IST ya kiwango kile aliikuta kwa milioni 13.5.

Spacio iliuzwa 4.9. Mnunuzi alikuwa fundi wa kampuni nyingine; alisoma daftari lote akiwa amesimama kando ya gari na hakushusha bei tena. Matengenezo ya kawaida na dharura kwa miezi yote 20 yalifika milioni 2.9, laki tatu juu ya makadirio. Mkopo wa nyumba ulipoisha alikopa SACCOS kwa asilimia 1.2, akanunua IST iliyopita kwenye vipimo, ya tatu kati ya alizozileta nikague.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuweka tarehe ya mwisho. Bila Juni 2025, swali la kutengeneza au kununua halina jibu, maana kwa mwaka mmoja kuviraka kunaweza kushinda na kwa miaka mitano gari jingine karibu daima linashinda. Mwenye gari alikuwa na tarehe tayari, kwenye karatasi ya mshahara. Wengi wanayo pia: mtoto anamaliza chuo, mkataba unaisha, mafao yanatoka. Fundi haulizi hayo, na angepaswa kuuliza.

La pili ni vipimo kabla ya spea. Kompresheni na kamera vilichukua asubuhi moja. Sensa mbili, sili za valvu na nozeli, vilivyonunuliwa kwa kubahatisha, vilikula zaidi ya nusu ya ile 1,840,000. Na fedha hiyo hatukuiingiza kwenye hesabu yoyote kati ya zile tatu. Alitaka tuiingize, alisema, "Nimeshaweka karibu milioni mbili humu, nitaiachaje?" Nilimjibu kwamba hiyo imekwenda iwe atalitengeneza au ataliuza, kwa hiyo haisaidii kuchagua.

Kilichoshindwa ni pampu ya maji. Ilikaguliwa, haikuvuja, ikaachwa ili bajeti isivuke 3.1. Kwenye gari la kilomita 271,000, lililowahi kuchemsha na kutumia maji ya bomba, kuupa mfumo wa kupoza rejeta mpya na kuiacha pampu ya zamani ni kuokoa pasipookolewa. Ingefungwa siku ile ile bila gharama ya kuvutwa, na bila mwanamke aliyetoka zamu ya usiku kusimama pembezoni mwa barabara kuu.

Akiba ilihitaji kutengwa kwa njia ambayo mkono hauifikii kirahisi, kama hisa za SACCOS, maana fedha iliyokaa kwenye simu iligeuka ada kila Januari. Na makadirio hayakuwa na fungu la bei kupanda. Laki saba za nyongeza kwenye IST zilikula sehemu ya faida ya kungoja mkopo wa bei nafuu, ingawa hazikuimaliza.

Vitu vitatu vingenifanya nishauri kinyume. Kutu kwenye chesisi, hasa kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja yanayoegeshwa karibu na bahari: hapo ningesema uza hata kwa milioni 3. Kilomita 2,500 kwa mwezi badala ya 1,200: tofauti ya mafuta ingefika milioni tatu na ushee kwa miezi ile ile, na IST ingeshinda hata kwa mkopo usio mzuri sana. Na nafasi ya 240,000 kwenye mshahara: angekopa SACCOS Oktoba ile ile ya 2023, na mimi ningekuwa nimelipwa kukagua IST tu.